Namna ya kuvisha ukuta kwa karatasi za nakshi, za mwinuko na za nyuzi

Kabla hujafungua katalogi, simama katikati ya chumba uangalie mwanga unaingilia wapi. Kazi yangu ni kubandika karatasi za ukutani, na mteja akinipigia simu swali langu la kwanza ni dirisha liko upande gani wa ukuta anaotaka kuuvisha. Wengi wanashangaa, maana walijiandaa kuulizwa rangi. Lakini karatasi yenye mwinuko, yaani nakshi zilizotokeza, au ile iliyofumwa kwa nyuzi za mkonge au juti, uzuri wake wote ni vivuli vidogo vidogo vinavyolala baina ya uzi na uzi. Mwanga ukija kwa ubavuni, vivuli vinarefuka na ukuta unachangamka. Ukiupiga ukuta uso kwa uso, vivuli vinakufa, unabaki na rangi tupu huku umelipia nyuzi.

Kwa hiyo mimi huenda hivi: ukuta ulio ubavuni mwa dirisha naupa nyuzi au mwinuko. Ukuta unaotazamana na dirisha naupa maua, mandhari au nakshi iliyochapwa, ila isiwe ya kung'aa, kwa sababu karatasi yenye madini ya rangi ya fedha au dhahabu ikitazamana na dirisha inamulika machoni mchana kutwa. Ukuta wenye dirisha lenyewe upake rangi tu uishe. Jicho likigeukia huko linakutana na mwanga wa nje, na kila kilichoko kandokando kinaonekana giza.

Sampuli ya ukubwa wa kiganja haikuambii kitu. Omba kipande chenye ua zima, kibandike ukutani kwa tepu ya karatasi, ukiache siku kadhaa. Kitazame asubuhi, kitazame alasiri, na usiku uwashe taa utakazotumia kweli. Nimeona kijivu kizuri cha mchana kikigeuka zambarau usiku chini ya balbu ya njano.

Na usitishwe na chumba kidogo. Ua kubwa kwenye choo cha wageni au kwenye ujia mwembamba linapendeza kuliko maua madogo madogo, ambayo kwa mbali yanaonekana kama vumbi. Ninachokiogopa mimi ni mistari ya wima kwenye nyumba iliyojengwa kombo. Mstari unamwonyesha kila mgeni mahali ambapo dari limeshuka.

Ujue unachonunua

Kuna karatasi ya kawaida, ambayo gundi unaipaka mgongoni kwake, unaikunja, unaisubiri ilainike. Kuna ile yenye mgongo wa nyuzi zilizoshindiliwa, ambayo haitanuki ikilowa, hivyo gundi inapakwa ukutani na karatasi inabandikwa kavu. Anayeanza achukue hii ya pili, nusu ya shida inaondoka. Kuna vinaili, inayofutika kwa kitambaa chenye maji, nzuri kwa jikoni na kwenye ujia wenye watoto. Ipo ya kujigandisha, ya kubandua karatasi ya nyuma kama stika; inafaa nyumba ya kupanga, ila inataka ukuta laini kabisa na rangi iliyokauka vizuri, wiki kadhaa tangu ipakwe, la sivyo inaanza kujikunja pembeni.

Upande wa mwinuko, mojawapo ya zilizo kongwe ni Lincrusta, iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Walton mwaka 1877, yule yule aliyebuni linoleamu, lile tandiko la sakafu. Inatengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa mbao, nakshi zake zinasimama juu ya ukuta, na ikikauka inakuwa ngumu kama ubao. Ndiyo maana ilizoeleka kuwekwa nusu ya chini ya ukuta, mahali viti vinapogonga na mikono inapopita. Wazo hilo bado lina akili hata ukitumia karatasi nyepesi ya mwinuko: weka chini, piga ubao mwembamba juu yake, juu ya ubao rangi tupu. Nyingi za karatasi hizi huja nyeupe na unazipaka rangi mwenyewe, kwa hiyo ukichoka na kijani unapaka bluu bila kubandua kitu.

Za nyuzi, yaani mkonge, juti, mianzi, ukindu na majani yaliyofumwa, ndizo nizipendazo kuliko zote, na ndizo zinazodai heshima zaidi. Hazifutwi kwa maji. Haziwekwi bafuni wala nyuma ya jiko. Na maungio yake yanaonekana, siku zote. Hakuna fundi wa kuyaficha, kwa sababu kila kipande nyuzi zake zina rangi yake kidogo. Kama hutaki kuona ukuta uliogawanyika mapande-mapande, usinunue.

Zile paneli za povu zenye sura ya tofali bandia? Ukiniuliza, hapana. Zinabonyea ukiziegemea, na povu la aina hiyo ni kitu kinachoshika moto. Usiziweke karibu na jiko hata kama muuzaji anaapa.

Kwenye lebo ya kila roli kuna alama ndogo, zisome. Mawimbi ni kufutika kwa maji. Jua ni uwezo wa kuvumilia mwanga bila kupauka. Mishale miwili inayotazamana sawasawa maana yake ua linaungana kwa usawa; ikipishana, ua linashuka nusu kwenye kipande kinachofuata. Mshale na sifuri, huna ua la kuunganisha. Mishale miwili ya wima, mmoja juu mmoja chini, inakuambia ugeuze kipande kimoja juu-chini, kingine usigeuze, ili tofauti za rangi pembezoni zisijikusanye upande mmoja. Kisha tazama namba ya toleo. Roli zote ziwe za namba moja, maana rangi ya toleo moja na jingine hupishana.

Hesabu ya roli

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanapiga hesabu ya eneo. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, yaani kama mita 5.3 za mraba. Chukua ukuta wa upana wa mita 3.60 na kimo cha mita 2.40. Eneo lake ni 8.64, kwa hiyo roli mbili zinatosha na chenji inabaki, sivyo?

Hesabu kwa vipande. Upana wa 3.60 ukigawa kwa 0.53 unahitaji vipande 7. Kila kipande ni 2.40 na sentimita 10 za kukata juu na chini, jumla 2.50. Karatasi isiyo na ua inatoa vipande 4 kwa roli, hivyo roli mbili kweli zinatosha. Sasa weka ua linalojirudia kila sentimita 64. Kila kipande lazima kianzie mahali pale pale pa ua, kwa hiyo unakwenda kwa marudio mazima: manne, sawa na mita 2.56. Gawa 10.05 kwa 2.56 unapata vipande 3 na kipande kirefu kisichofaa. Vipande 7 vinadai roli 3. Sentimita 6 tu zimekula roli nzima. Ukiona kwenye lebo 64/32, basi ua linajirudia kila 64 na linashuka 32. Hapo kata kwa zamu kutoka roli mbili, utapoteza kidogo zaidi kuliko ukikata roli moja mpaka iishe. Milango na madirisha madogo usiyatoe kwenye hesabu.

Ukuta wenyewe

Lipu mpya iache ikauke mpaka rangi yake iwe moja kote. Ukuta wa zamani unaoushuku una unyevu, bandika kipande cha nailoni, ukizibe kingo zote kwa tepu, ukirudi baada ya siku moja mbili angalia. Maji yakiwa chini ya nailoni, yanatoka ukutani. Rekebisha bomba, paa au msingi kwanza. Vinaili kwenye ukuta wa namna hiyo ni kufunga unyevu ndani, na baada ya muda utaona madoa meusi ya ukungu yakitokeza kwenye maungio.

Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi na unga mweupe, kuna chokaa au rangi iliyochakaa. Sugua, osha, upake praima, ile rangi ya kutangulia. Rangi ya mafuta inayoteleza ipigwe msasa ili gundi ipate pa kushika. Halafu fanya jambo ambalo mafundi wa rangi wananichukia nalo: usiku zima taa ya chumba, shika tochi ukaiegemeza ukutani, mwanga wake utambae juu ya ukuta. Kila shimo la msumari na kila mchirizi wa plasta utajitokeza. Weka alama kwa penseli, asubuhi ziba na upige msasa. Usitumie kalamu ya wino popote, wino unapenya karatasi na kutokeza mbele. Kama karatasi utakayobandika ni nyepesi au ya nyuzi zilizoachana, paka kwanza praima ya rangi inayokaribiana nayo, maana ukuta mweupe unachungulia kwenye maungio.

Kubandika

Karatasi isiyo na ua anzia upande wa dirisha ukienda mbali nalo. Ikitokea kipande kimepanda juu ya mwenzake kidogo, ukingo wake hautupi kivuli. Yenye ua kubwa, kwenye ukuta mmoja wa kuonyeshea, anzia katikati ili pande zote mbili zimalizike sawa.

Usiamini kona wala fremu ya mlango. Ning'iniza timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, au tumia pimamaji ndefu, uchore mstari wa wima kwa penseli nyepesi. Kipande cha kwanza kinafuata mstari huo, na vyote vinavyobaki vinakifuata chenyewe. Kwa karatasi inayobandikwa kavu, paka gundi ukutani upana unaozidi kidogo kipande, acha sentimita 5 zipande juu ya dari, kisha piga brashi ya kulainishia kutoka katikati kwenda pembeni, ukifukuza hewa. Kwa karatasi ya kupakwa mgongoni, kunja ncha mbili zikutane katikati, gundi kwa gundi, na kila kipande kisubiri muda ule ule ulioandikwa kwenye lebo. Kimoja kikisubiri dakika tano na kingine kumi, vinatanuka tofauti na ua halitakutana hata ukilivuta.

Maungio yakutane ukingo kwa ukingo, bila kuvuta. Karatasi ya mwinuko usiipige rola ngumu, utaulaza mwinuko uliolipia. Gonga kwa brashi. Kukata juu na chini, bana karatasi kwa rula pana ya chuma na utumie wembe mpya. Mimi navunja ncha ya kisu kila kipande kimoja au viwili. Wembe butu haukati karatasi mbichi, unaichana.

Kona ya ndani usijaribu kuizungusha kipande kizima. Pima kutoka kipande cha mwisho hadi konani, juu, katikati na chini. Chukua kipimo kikubwa, ongeza sentimita 1 au 2, kata kwa urefu. Kile kisehemu kinapinda kona, na kilichobaki kinaanza upya kwenye ukuta wa pili kwa timazi mpya, kikifunika ule ukingo.

Swichi na soketi: zima umeme kwenye swichi kuu, legeza vifuniko, pitisha karatasi juu, kata alama ya X, punguza kingo, rudisha kifuniko. Karatasi yenye madini isiingie nyuma ya kifuniko hata kidogo, inapitisha umeme. Ikate iishie ukingoni.

Kwa nyuzi, gundi isifike mbele. Kwenye vinaili unafuta kwa sponji na maji safi, lakini kwenye mkonge au juti doa la gundi haliondoki. Paka gundi nzito kiasi, isiyochuruzika, na mikono yako ifute kila mara. Kabla hujapaka chochote, kata vipande vyote, vipange sakafuni kwa mfuatano, uvitazame. Kipande chenye rangi iliyozidi kipeleke nyuma ya kabati au mlango.

Ukimaliza, funga madirisha, zima feni na kiyoyozi mpaka kesho yake. Upepo unakausha kingo kabla ya katikati, na maungio yanafunguka. Ukiona vipovu vidogo jioni hiyo usivitoboe. Vingi vitajinyoosha karatasi ikikauka.

Vumbi la ukuta wa nyuzi litoe kwa mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi laini, kufuata uelekeo wa nyuzi. Mabaki yakunje kwenye roli pamoja na lebo yake, yalaze, usiyasimamishe. Siku ukuta ukichubuka, weka kiraka juu ya jeraha, ua likae juu ya ua, ukate tabaka zote mbili kwa mpigo mmoja wa kisu, utoe la zamani na kukiingiza kipya kwenye tundu lile lile. Kama ukuta umepauka kwa jua, kiraka kilichokaa kabatini kitakuwa na rangi kali kuliko wenzake: kitangulize dirishani wiki chache, ukikilinganisha na ukuta kila mara, na ukibandike kikishafanana.