Jinsi ya kuomba mahakama izuie au iwekee mipaka uchunguzi wa kisaikolojia wa mtoto mlalamikaji

Utetezi wakiomba mtoto wako akapimwe na mwanasaikolojia usidhani ndo imeshapita hiyo, ni ombi tu na linapingika, ila wahi kabla hakimu hajatoa oda.

Nenda kwa mwendesha mashtaka umuombe kopi ya hilo ombi ulisome mwenyewe, uangalie sababu walizotoa. Kama ni "mtoto mdogo" au "huenda anadanganya" hapo hamna kitu, manake kuamua nani mkweli ni kazi ya hakimu sio ya daktari, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2005 inasema ushahidi wa mtoto usidharauliwe kisa umri peke yake.

Pingamizi liandikwe. Kawaida mwendesha mashtaka ndo analipeleka, ila uliza kama mtoto anaruhusiwa wakili wake. Sheria zinatofautiana sana, kule Marekani kwa mfano California imekataza kabisa kumpima mlalamikaji wa kesi ya ngono ili kujua kama anaaminika, West Virginia nao tangu mahakama yao ya juu iamue kesi ya Delaney mwaka 1992 utetezi lazima waonyeshe kuna haja nzito kweli, na hakimu anaangalia umri wa mtoto, kipimo kinamchimba kiasi gani, kitamuathiri vipi, muda uliopita toka tukio na ushahidi ambao utetezi wanao tayari. Hata kama kesi yako iko kwingine panga hoja zako hivyohivyo.

Kwenye kumuathiri ndo uweke nguvu. Usiandike "mtoto ataumia" ukaishia hapo, andika unachokiona nyumbani, kwamba toka ahojiwe polisi halali peke yake, kaanza tena kukojoa kitandani, mlango ukigongwa anajificha. Mshauri nasaha wake aandike barua fupi ya athari tu, asiambatanishe faili la matibabu, maana likiingia kwenye kesi utetezi watalisoma lote.

Humohumo kwenye pingamizi weka ombi la pili, kwamba mahakama ikikubali basi mtaalamu awe aliyezoea watoto na asiwe na upande, kikao kiwe kimoja, mtoto asisimulishwe upya tukio kama mahojiano yalisharekodiwa, mshtakiwa asiwe karibu, na ripoti isitoke nje ya kesi.

Pingamizi likipelekwa masijala hakikisha kopi yako inagongwa muhuri. Oda ikitoka vibaya, siku hiyohiyo uliza kama inaweza kusimamishwa ipelekwe mahakama ya juu zaidi kabla tarehe ya kipimo haijafika.