Grafu inapokataa kuhifadhiwa katika R: makosa ya vigezo na namna ya kuyarekebisha

Anayetumia R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, kwa kazi za takwimu hukutana mapema na ujumbe usemao "unused argument", na mara nyingi humtokea grafu ikiwa imekwisha kuchorwa vizuri kwenye skrini na kilichobaki ni kuihifadhi tu. Maana yake ni kwamba fanksheni (amri inayotekeleza kazi fulani) imepewa kigezo (thamani ya kuielekeza, iandikwayo ndani ya mabano yake) isichokitambua. Kabla ya kubadilisha chochote, tazama ujumbe umetaja fanksheni ipi, kisha, kwa `pdf()` na `png()`, fanksheni zinazohifadhi grafu katika faili za PDF na PNG, andika `args(pdf)` au `args(png)` ili uone vigezo inavyovipokea.

Orodha hizo hazifanani, na hapo ndipo penye mtego. `png()` hupima kwa pikseli, 480 kwa 480 usipotaja ukubwa, na ina kigezo cha `units` kinachokuruhusu kuchagua inchi au sentimita. `pdf()` haina `units` wala `res` (idadi ya nukta kwa inchi). Hupima kwa inchi pekee, ukurasa wake wa kawaida ukiwa 7 kwa 7. Aliyenakili mstari wa `png()` na kubadilisha jina tu atakataliwa `units`, na akiifuta bila kugusa namba atapata jambo baya zaidi, kwa kuwa `width = 480` haileti kosa lolote bali huzaa ukurasa wenye upana wa zaidi ya mita 12. Ukifikiri kwa sentimita, gawanya mwenyewe kwa 2.54, idadi ya sentimita katika inchi moja:

`pdf("mavuno.pdf", width = 16/2.54, height = 10/2.54)`

Kwa upande wa ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea grafu, kigezo cha kwanza cha `ggsave()`, fanksheni yake ya kuhifadhi, ni jina la faili, si grafu. Thamani zisipotajiwa majina R huzigawa kwa kufuata nafasi zake, hivyo, ikiwa `g` ni grafu yako, `ggsave(g, "mavuno.png")` huipeleka grafu mahali pa jina. Taja majina:

`ggsave("mavuno.png", plot = g, width = 16, height = 10, units = "cm")`

Hapa `units` hukubaliwa hata kwa faili la PDF, kwa sababu `ggsave()` hugeuza vipimo yenyewe kabla ya kuita `pdf()`. Kigezo isichokijua, mathalani `heigth` kilichokosewa tahajia, haikikatai bali hukipitisha kwa fanksheni ya kuchorea, ambayo ndiyo hukikataa. Ndiyo maana ujumbe unaweza kutaja fanksheni ambayo wewe hukuiandika.

Ukiandika `width = 1600` bila `units = "px"`, namba hiyo husomwa kama inchi, na `ggsave()` hugoma kwa kuwa imevuka kikomo cha inchi 50. Wengi hukimbilia `limitsize = FALSE`, inayoondoa kikomo hicho. Hiyo si tiba: kwa nukta 300 kwa inchi, picha hiyo ingekuwa na upana wa pikseli 480,000.

Mwisho, kosa likitokea baada ya `png()` na kabla ya `dev.off()`, amri inayofunga faili, faili hubaki wazi na grafu zinazofuata humiminika humo bila kuonekana kwenye skrini. Andika `graphics.off()`, inayofunga yote yaliyo wazi, kwanza, ndipo ujaribu tena.