Kupanga Likizo ya Kilwa: Anza na Maji, Kisha Barabara

Wengi wanaopanga likizo mkoani Lindi huanza kwa kutafuta nyumba ya kulala wageni, na suala la kuvuka kwenda magofuni huliacha hadi watakapofika. Ni vyema mpangilio huo ukageuzwa, kwa kuwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni visiwa, na huko kupwa na kujaa kwa maji ndiko kunakoamua saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Kwanza, chagua mwezi. Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, nazo huweza kuvuruga safari yote: hata Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Kuanzia Juni ni kukavu, lakini kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kwa anayeweza kuchagua, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza, kwa sababu upepo huwa umepungua na mvua haijafika.

Ukishapata mwezi, tazama mwandamo. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hupwa mbali sana na chombo huweza kukwama, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo mpigie simu nahodha wa Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia, kabla ya kukata tiketi ya basi, umuulize maji yatakuwaje siku unazokusudia. Muulize pia kama ana jaketi okozi kwa kila abiria, na asipokuwa nazo, tafuta mwingine.

Atokaye Mtwara hupitia Lindi, hushuka Nangurukuru, kisha huchukua gari la Masoko. Huko, kabla ya kuvuka, ni lazima kupata kibali katika ofisi inayosimamia magofu na kupewa mwongozaji. Usijaribu kukwepa hatua hiyo, kwani bila mwongozaji kuta zitabaki kuwa kuta tu.

Kisiwani pahitaji siku nzima. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, utazame polepole, hasa nguzo na kuba za upanuzi wake. Katika msikiti mdogo wa kuba, inua macho uone mahali palipopachikwa mabakuli ya kigeni yaliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kisha tembea hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipofika mwaka 1331. Hapo kuna bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya mwamba unaotazama bahari, na mimi sijui mahali pengine katika pwani yetu panapoonyesha utajiri ambao Kilwa iliupata kwa dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, kwa uwazi kama hapo. Njiani hakuna kivuli kingi, hivyo beba maji ya kunywa na kofia. Kisiwa kina wenyeji, nao ni Waislamu: vaa nguo za heshima na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Songo Mnara ipangie siku yake. Safari ya boti ni ndefu zaidi, na maji yakiwa yamepwa huenda ukalazimika kushuka na kutembea kwenye tope la mikoko, kwa hiyo vaa viatu vinavyoweza kulowa.

Akibakiwa na muda, msafiri apitie Kilwa Kivinje, uliokuwa mwisho wa misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa, au akirudi Mtwara asimame Mikindani, kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1895. Mikindani pako karibu na Mtwara mjini, na nusu siku inatosha.