Mbwa Akishikwa na Kifafa, Tazama Saa Kwanza

Alfajiri moja hapa Mbale, Uganda, mbwa wetu alianguka barazani, akalala ubavu huku shingo imekakamaa, miguu yote minne ikipiga hewa kama anayekimbia, povu likimtoka na mkojo ukitiririka sakafuni. Jirani alifika na rungu, akidai ni kichaa cha mbwa. Ningeapa kwamba tulisimama pale dakika kumi, lakini simu ilionyesha dakika moja na nusu.

Ndiyo maana nasema tazama saa kwanza. Kifafa kwa kawaida hukoma chenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Kikifikisha dakika tano, au mbwa akishikwa mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, hiyo ni dharura, kwa sababu joto la mwili hupanda na ubongo huweza kudhurika, naye anahitaji sindano ya kumtuliza. Mpeleke siku hiyohiyo pia ikiwa ni mara yake ya kwanza, ikiwa bado ni mtoto, au ikiwa ananyonyesha, kwani upungufu wa kalsiamu humwangusha mama. Ulizia mapema ni daktari gani wa mifugo aliye karibu mwenye dayazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Wengi wanaozunguka vijijini hubeba dawa za ng'ombe tu.

Anapotukutika, sogeza viti, mkinge asiporomoke ngazini, zima redio na uwaweke watoto mbali. Usitie mkono wala kijiko mdomoni mwake: mbwa hamezi ulimi, ila anaweza kukuuma bila kujua. Maziwa ambayo wengi hukimbilia kumnywesha huweza kuingia mapafuni. Akiweza mtu mwingine kumrekodi kwa simu, daktari atajifunza mengi kuliko kwa maelezo yako. Baadaye mbwa huyumbayumba, hugonga kuta kana kwamba haoni, au hudai chakula kwa pupa; hali hiyo huweza kuchukua saa kadhaa.

Katika nyumba za wafugaji, mimi hushuku sumu mapema. Baadhi ya dawa za kuulia kupe wa ng'ombe, zikilambwa au zikipakwa kwa mbwa bila kipimo, huleta mate mengi, kuhara, misuli kutetemeka, kisha degedege. Nenda na chupa yenyewe, kwa kuwa jina lililo kwenye lebo humwongoza daktari kuchagua tiba.

Kuhusu kichaa, kuanguka pekee si ushahidi. Lakini mbwa asiyechanjwa ambaye tabia imegeuka, sauti imebadilika na kumeza kumemshinda, usimguse. Mwite ofisa wa mifugo. Aliyeumwa, au mate yakamwingia kidondani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja.

Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza zaidi kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6. Daktari akiandika fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, mpe kila siku kwa saa zilezile, na usikatishe ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka, maana kukatisha kwenyewe huweza kumletea kifafa kirefu kuliko vyote vilivyotangulia. Wetu hupewa saa moja asubuhi na saa moja jioni, kidonge kikiwa ndani ya tonge la posho, yaani ugali.