Kuendesha Gari Katikati ya Florence: Eneo la Vizuizi, Kamera na Faini Zake

Mwana Afrika Mashariki aliyezoea kuendesha gari London anajua kwamba kuingia katikati ya jiji ni suala la kulipa ada ya msongamano na kuendelea na safari. Milan nayo hufanya hivyo kwa kiasi fulani, kwani ruhusa ya siku moja ya kuingia eneo lake la kati, liitwalo Area C, huuzwa kwa yuro 7.50. Florence haifuati utaratibu huo. Kitovu chake cha kihistoria kimewekwa chini ya kizuizi kiitwacho Zona a Traffico Limitato, ambacho wenyeji hukitaja kwa herufi ZTL tu, na gari ama limo katika orodha ya namba zilizoruhusiwa, ama halimo. Mgeni ambaye namba ya gari lake haimo hawezi kununua ruhusa jioni ili kusawazisha alichokifanya asubuhi. Kinachomfuata ni faini. Wengi wa ndugu zetu huumia kwa kutofahamu tofauti hii moja.

Mipaka ya eneo hilo ni rahisi kuielewa kwa anayejua kidogo historia ya mji. Kati ya mwaka 1865 na 1871, Florence ilipokuwa mji mkuu wa Italia, sehemu kubwa ya kuta za kale ilibomolewa na mahali pake pakajengwa barabara pana zinazouzunguka mji, zinazoitwa viali. Ukibaki juu ya viali uko salama, lakini ukikata kona kuelekea kanisa kuu, mara nyingi mbele yako kuna lango. Ng'ambo ya mto Arno, katika mtaa wa Oltrarno, nako kuna sehemu ya ZTL, jambo linalowashtua wanaodhani kwamba kuvuka daraja kunatosha. Langoni hakuna kizuizi cha chuma wala askari wa kukusimamisha. Kuna bango, taa na kamera inayosoma namba ya gari, na dereva hupita bila kusikia lolote.

Saa za mchana za ZTL ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi saa 10:00 jioni. Bango huziandika kwa mfumo wa saa 24, yaani 7.30 hadi 20.00 na 7.30 hadi 16.00, kwa hiyo aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili asome kwa utulivu. Majira ya joto huongezwa kizuizi cha usiku, Alhamisi hadi Jumamosi, kuanzia saa 5:00 usiku hadi saa 9:00 usiku. Ratiba hubadilishwa mara kwa mara, na yenye nguvu ya kisheria ni ile iliyoandikwa langoni siku unayopita. Maneno ya kuyakariri ni haya: "varco attivo" maana yake lango linafanya kazi, kamera inasoma, na asiye na ruhusa asipite, "varco non attivo" maana yake unaweza kupita. Wapo wanaodhani neno attivo linawakaribisha, wakaingia.

Ramani ya simu isiaminiwe katika jambo hili, kwa sababu kazi yake ni kukutafutia njia fupi, na njia fupi ya Florence aghalabu hupita katikati. Njia za mabasi nazo zina kamera zake, ambazo hazifuati ratiba ya ZTL.

Ukiwa umepanga hoteli iliyo ndani ya eneo, hoteli inaweza kuwasilisha namba ya gari lako ili uingie kushusha mizigo. Waandikie kabla ya kufika, wape namba kamili ya gari, na waombe wakuthibitishie kwa maandishi kwamba wameipeleka. Ruhusa hiyo si ya kuegesha gari usiku kucha mlangoni. Mwenye nyumba ya kupangisha kwa siku chache huenda asiwe na uwezo huo, hivyo muulize kabla ya kulipa. Kwa maoni yangu, aliye na familia na mizigo asijisumbue kabisa na katikati ya mji: maegesho ya Villa Costanza, huko Scandicci, huingiwa moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1, na kutoka hapo tramu ya T1 hufika kituo cha treni cha Santa Maria Novella. Anayeegesha mtaani ajue kwamba mistari ya buluu ni ya kulipia, na kwamba ile myeupe, ambayo katika miji mingi ya Italia ni ya bure, hapa mara nyingi ni ya wakazi. Asome pia bango la siku ya kufagia barabara, kwa kuwa gari litakalokutwa hapo usiku huo huvutwa.

Sasa tuje kwenye barua, ambako maumivu hasa huanzia. Kampuni ya kukodisha magari ikiulizwa na polisi wa manispaa hutoa jina na anwani yako, kisha hukata katika kadi yako ada ya kazi hiyo. Ada hiyo si faini. Wengi huiona katika taarifa ya benki, wakaamini kwamba wamekwisha kulipa, kumbe faini yenyewe bado iko njiani. Kwa anayeishi nje ya Italia, sheria inaruhusu muda wa siku 360 wa kuifikisha. Kiwango cha chini cha kuingia ZTL bila ruhusa ni yuro 83, mbali na gharama za kutuma barua. Ukilipa ndani ya siku tano tangu kuipokea, hupunguzwa asilimia 30. Zikipita siku 60 bila malipo wala rufaa, deni hupanda. 

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mgeni anayetoka nyumbani. Mjomba aliyekodi gari akiwa na leseni ya Kenya au Tanzania, pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ataandika sanduku la posta ambalo pengine hulifungua mara chache, au ambalo ni la ofisi aliyostaafu. Aandike anwani ambako barua humfikia kweli, hata ikiwa ni yako wewe mwenyeji wake uliye Ulaya, na aongeze baruapepe. Barua ikifika, ilinganishe na mkataba wa gari: namba ya gari, tarehe, saa na jina la lango lazima vioane. Hoteli ikiwa ilithibitisha kwamba iliwasilisha namba yako, uthibitisho huo ndio wa kuambatisha kwenye rufaa, na rufaa hiyo itangulie malipo, kwa kuwa anayelipa faini hupoteza haki ya kuipinga.