Mcheza kwao hutunzwa: jinsi ya kugawa pointi za uzoefu mezani

Mwongozo huu ni wa mwendeshaji wa mchezo wa kuigiza wahusika ambaye kusimulia anajua na dadu za pande 20 anazo, ila kikao kikiisha na wachezaji wakamkodolea macho, hajui agawe pointi ngapi za uzoefu (zile zinazompandisha mhusika levo, yaani ngazi ya uwezo) na kwa sababu gani. Meza yangu iko Ngamiani, Tanga. Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, kwa sheria za 2014, kwa hiyo hesabu zote hapa chini ni za huko. Kama hamna vitabu msijali: sheria za msingi zilitolewa kwa leseni huria Januari 2023 na zinapakuliwa bure. Kwa Kiswahili hazipo, hivyo mmoja wenu abebe kazi ya kuwasomea wenzake.

Hatua ya 1: Amua unalipia nini

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizobaki ni hesabu.

Wachezaji hufuata pointi. Ukilipia maiti, utaletewa maiti. Mchezo huu ulipotoka mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, hazina ndiyo iliyolipa vizuri: sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa salama ilikuwa pointi moja. Basi watu wakanyata, wakahonga, wakatimua mbio wakiwa na mzigo, maana kupigana na zimwi lisilo na mali ilikuwa hatari nyingi kwa malipo kidogo. Toleo la tano limempangia kila kiumbe pointi zake, na mchezaji akishaiona orodha ile hana tena muda wa kuzungumza na mtu. Anatafuta wa kukata.

Michezo mingine imekwenda njia tofauti kabisa. Kwenye Dungeon World, ukirusha dadu mbili ukapata jumla ya 6 au chini yake, umeshindwa, lakini unajiandikia pointi moja. Ndiyo maana wachezaji wake hawaogopi kujaribu mambo. RuneQuest ya 1978 iliziacha pointi kabisa: ukiutumia ujuzi ukafaulu unautia alama, halafu baadaye unarusha dadu kuona kama umeongezeka. Aliyeogelea anakuwa mwogeleaji bora, si mpiga upanga bora. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya haki kuliko zote, ila inataka daftari na subira ambavyo meza nyingi hazina.

Kwa hiyo, kabla ya kikao cha kwanza, andika sentensi moja inayoanza na "Hapa tunalipia...". Yangu inasema: *Hapa tunalipia kikwazo kilichovukwa, kwa njia yoyote ile.* Isome kwa sauti mezani. Ukiificha, watakisia, na kila mara watakisia kwamba unalipia mauaji.

Hatua ya 2: Jua bei ya levo

Levo ya 2 ni pointi 300, ya 3 ni 900, ya 4 ni 2,700, ya 5 ni 6,500. Levo ya 20 ni 355,000, lakini hiyo iache kwanza. Zote ni jumla tangu mwanzo. Mhusika hazitumii wala hazipungui.

Sasa angalia: ukigawa 300 kwa kila mtu kila kikao, bila kubadilisha, levo ya 2 wanaipata kikao cha kwanza, ya 3 kikao cha tatu, ya 4 kikao cha tisa, na ya 5 kikao cha 22. Kwa watu wanaokutana mara moja kwa mwezi huo ni karibu mwaka na miezi kumi. Watakukimbia. Malipo lazima yakue pamoja na levo.

Hatua ya 3: Orodhesha vikwazo, si maadui tu

Tuchukue mfano. Wachezaji wanne, levo ya 1, wanaingia Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji, kutafuta sanduku la nahodha. (Hakuna haja ya kubuni shimo la Ulaya wakati tuna mapango ya chokaa yenye popo, giza na mahali pa mizimu ambapo watu hupeleka sadaka hadi leo.) Orodha yangu ya kikao ilikuwa hivi:

Mamba kwenye Mto Mkulumuzi: pointi 100.
Mzee wa tambiko, lazima akubali ndipo mwingie: 200.
Makundi mawili ya popo, 50 kila moja: 100.
Njia nyembamba gizani, ya kutambaa: 100.
Majambazi sita, 25 kila mmoja, na kiongozi wao, 450: jumla 600.

Za mamba, popo na majambazi zimeandikwa kwenye sheria. Za mzee na njia nyembamba nimezitoa kwenye jedwali la ugumu wa mapambano, ambalo kwa levo ya 1 linasema kwa kila mhusika: rahisi 25, wastani 50, ngumu 75, hatari ya kifo 100. Kumshawishi mzee nilikuita wastani, 50 mara wanne. Kutambaa gizani rahisi, 25 mara wanne. Hivi ndivyo unavyokipa bei kitu chochote kisicho na meno: mashua inayovuja, deni kwa tajiri, hata ugomvi wa mirathi.

Hapa wengi hujikwaa. Sheria za 2014 zinakuambia uzidishe pointi maadui wakiwa wengi. Wakiwa saba, mara mbili na nusu. Majambazi wale 600 wanakuwa 1,500. Namba hiyo ni ya kupimia hatari peke yake, usiigawe kamwe. Faida yake ni kukuonya: kwa wahusika wanne wa levo ya 1 hatari ya kifo huanzia 400, kwa hiyo 1,500 ni kuwapeleka makaburini. Ndiyo sababu niliwaweka majambazi wamelala.

Hatua ya 4: Pima kama kikwazo kimevukwa

Mmoja wa wachezaji aliniambia, "Kaka, yule mamba hatukumuua, tumemtupia nyama ya mbuzi tu."

"Mto mmevuka, hamkuvuka?"

"Tumevuka."

"Basi andikeni mia."

Kanuni yangu: wakijua hatari ipo na wakafanya jambo kuiepuka, nalipa yote. Wakipita mbali bila hata kujua ilikuwepo, silipi, maana hapo hawakuvuka kitu. Majambazi walipitwa kwa kunyata, viatu mkononi, na zote 600 zikalipwa. Hata hivyo, usilipe mara mbili: wakirudi kesho kuwachinja majambazi walewale, hawapati kitu.

Hatua ya 5: Gawa

Jumla 1,100 kwa wanne ni 275 kila mmoja. Sanduku lilipatikana, kwa hiyo niliongeza 25 kwa kila mtu kwa kufikia lengo, ikawa 300, levo ya 2. Ndiyo, niliipanga ifike hapo. Kumwacha mtu amepungukiwa 25 hadi mwezi ujao ni uchoyo.

Gawa sawasawa. Atakuja anayedai yeye ndiye aliyetoa pigo la mwisho. Mwulize nani alishika taa.

Hatua ya 6: Toa kwa wakati wake

Pointi za vikwazo zitoe mwisho wa kikao, vitu vikiwa vinakusanywa. Ukisimama katikati kuhesabu, hadithi inapoa. Lakini mchezaji akitamka neno lililoinyamazisha meza nzima, mpe tunzo palepale, kama mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa ubeti ukiwa bado mdomoni. Toleo la tano lina kitu cha kazi hiyo: ari, inayomruhusu mtu baadaye kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hapo hugusi pointi na hakuna anayemzidi mwenzake levo.

Hatua ya 7: Waliokosa kuja, na wageni

Watu wana zamu bandarini, wana misiba, wana watoto wanaoumwa. Mimi aliyekosa nampa sawa na waliokuja. Baadhi ya waendeshaji hutoa nusu kama adhabu, kisha wanalalamika kwamba hawawezi kupanga pambano linalowafaa wote.

Anayejiunga katikati aanze na pointi sawa na za wenzake na vifaa vya levo hiyo. Usimwanzishe na sifuri. Mhusika wa levo ya 1 ana uhai wa 8 au 10 hivi, na kiumbe kinachowatosha wa levo ya 5 kitammaliza kwa pigo moja kabla hajamaliza kutaja jina lake.