Kulitambua ua la jangwani Baileya multiradiata ukiwa Bukavu

Sisi tunaoishi Bukavu, ambako mvua hunyesha karibu miezi tisa kwa mwaka, ua la jangwani hulijua kwa picha tu, na mara nyingi ni katika zoezi la botania. Hata hivyo, namna ya kulitambua tunaweza kujifunzia hapa hapa, kwa sababu Baileya multiradiata, ua la manjano la majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, ni wa familia ya alizeti, sawa na Tithonia diversifolia inayochanua kandokando ya barabara zetu, ambayo nayo ililetwa kutoka upande huo huo wa dunia.

Chuma ua moja la Tithonia ulipasue kwa wembe, kuanzia juu hadi kwenye kikonyo. Utaona kwamba kile tunachokiita ua ni kichwa chenye maua madogo mengi yaliyosongamana juu ya kitako kimoja: ya katikati yana umbo la mrija, na ya pembezoni kila moja limetoa ulimi wa manjano. Katikati ya mirija hiyo mna magamba magumu yenye ncha, ambayo huchoma kidole ukiyapapasa. Yakumbuke, kwa maana Baileya hana. Kitako chake ni kitupu. Kisha tafuta mbegu ya kishona-nguo, ndugu mwingine wa familia hii, ile inayong'ang'ania kikwembe ukipita shambani, uitazame nchani: ina vijiti viwili au vitatu vyenye miba. Mbegu ya Baileya haina vijiti hivyo wala manyoya ya kupeperushwa na upepo.

Rangi isikushughulishe sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika Baileya chini ya picha ya Encelia farinosa, kwa kuwa zote mbili zina maua ya manjano na majani meupe-meupe. Kosa lilikuwa kutazama ua na kuusahau mmea. Encelia ni kichaka chenye mashina magumu kama mti, huweza kupita mita moja, na vichwa vyake hubebwa vingi juu ya kikonyo chenye matawi. Baileya ni mmea laini ambao kwa kawaida haufiki nusu mita, majani yake yenye sufu nyeupe yamejikusanya chini, na kila kichwa husimama peke yake juu ya kikonyo kirefu kisicho na majani.

Baada ya hapo hesabu ndimi, na uhesabu kwa subira, maana zimepangwa kwa tabaka. Kwa kawaida huzidi 30, kila moja ikiwa na meno matatu nchani, na zikizeeka hazianguki bali hupauka na kuning'inia kama karatasi. Ukikuta ndimi chache, tuseme tano au saba, huyo ni Baileya pauciradiata, ndugu yake wa karibu. Baileya pleniradiata ni mgumu zaidi kumtenga, kwa kuwa naye ana ndimi nyingi. Tofauti iko kwenye shina, ambalo kwake lina majani hadi juu, na vikonyo vyake ni vifupi zaidi.

Kwa hiyo, ukipewa picha iliyopigwa kutoka juu tu, isiyoonyesha shina wala majani, andika jina la jenasi, yaani lile la kwanza, Baileya, na nafasi ya spishi, yaani jina la pili, uiache wazi.